Nyumba za ibada zisizo na dirisha, kwa macho ya fundi wa viyoyozi

Kazi yangu ni viyoyozi. Kwa sababu hiyo mimi, mtoto wa Mji wa Kale Mombasa niliyelelewa chuoni kwa bakora na Juzuu Amma, nimeingia makanisa, mahekalu, masinagogi na kumbi za kila namna hapa Houston kuliko padri yeyote ninayemjua. Fundi haulizwi dini yake. Anaulizwa kama amekuja na ngazi. Na mlango anaopitishwa si ule wa mbele wenye maua, ni wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, na huko ndiko jengo huwa halijajipamba.

Kila mgeni kutoka nyumbani ninayempokea uwanja wa ndege huniuliza swali lilelile. Shemeji yangu aliliuliza kabla hata hatujafika kwangu. Tulipita jengo la matofali, paa la chini, maegesho safi, nyasi zimekatwa vizuri, na kuta nne zisizo na dirisha hata moja. "Hawa wanaficha nini humo ndani?" Lilikuwa Jumba la Ufalme la Mashahidi wa Yehova. Nikamwambia wanaficha bili ya umeme. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha.

Mwenzangu kazini ni Shahidi, Mghana mmoja mpole ambaye wikendi zake nyingi za ujana alizitumia kujenga majumba hayo kwa kujitolea. Kuanzia miaka ya 1970 Mashahidi wa Marekani walibuni ujenzi wa kasi ambao mafundi wa kulipwa hawakuuamini hadi walipouona: zege la sakafu linamwagwa mapema, kisha mamia ya watu wanafika mwisho wa wiki, wanaume kwa wanawake, na ndani ya siku mbili hivi jengo limesimama. Wengi wao si mafundi. Ni karani, ni dereva, ni daktari wa meno. Sasa mpe daktari wa meno kamba na mwiko, atakupandishia ukuta ulionyooka. Mpe dirisha uone. Dirisha linataka linta juu yake, linataka fremu iliyopimwa, linataka kuzibwa pembeni maji yasipite, na kioo chenyewe kinataka mikono isiyotetemeka. Ukuta usio na tundu humalizika Jumamosi. Wenye matundu utakusubirisha hadi Jumatano, na Jumatano daktari wa meno ana wagonjwa.

Halafu kuna mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yasije Marekani, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Kioo hupitisha joto na baridi kuliko ukuta, kwa hiyo taifa zima likaanza kuviangalia vioo vyake kwa jicho baya. Shule nyingi zilizojengwa miaka hiyo zina madarasa yasiyo na dirisha, na watu wazima wa hapa waliosoma humo bado wanalalamika. Ofisi vilevile. Kwa hiyo ukiona jumba la ibada la mwaka 1978 limezibwa pande zote, kabla ya kuuliza imani yao inasemaje, angalia shule iliyo mtaa wa pili. Utakuta ni ndugu mmoja.

Sababu ya tatu haina mzaha. Mashahidi wamepigwa mawe sana. Juni 1940 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule inaweza kuwalazimisha watoto wao kuipigia bendera saluti, na siku chache baadaye, katika mji wa Kennebunk, jimbo la Maine, umati ulivamia ukumbi wao na kuuchoma. Mahakama iligeuza uamuzi huo mwaka 1943, lakini mawe hayakusoma hukumu. Hata juzijuzi, mwaka 2018, katika wilaya moja ya jimbo la Washington, majumba yao kadhaa yalishambuliwa ndani ya miezi michache. La Olympia lilichomwa Julai, la Lacey likateketea Desemba. Na Hamburg, Ujerumani, tarehe 9 Machi 2023, mtu mwenye bastola alifyatua risasi kwenye dirisha la jumba lao, akaingia kupitia dirisha hilohilo, akaua watu sita na mtoto aliyekuwa tumboni. Mwenzangu hakuniambia hilo kama hoja. Alilitaja tukiwa juu ya paa, akaendelea kukaza skrubu, nami nikanyamaza.

Lakini shemeji hakuuliza kuhusu mawe. Yeye alikuwa na dhana ambayo wengi wetu tunayo: kwamba ukuta mtupu ni itikadi. Kama ingekuwa itikadi, ingesafiri. Imani husafiri na watu, bili ya umeme haisafiri. Majumba ya Ufalme niliyoyaona Kenya yana madirisha mapana, upepo unapita, na ukipita barabarani unawasikia wakiimba. Ndugu zao wa Texas, kitabu kilekile, mafundisho yaleyale, wamejifungia kwa sababu nje ni nyuzi 38 na unyevu unaokulowesha shati kabla hujafika garini. Na wageni wanakaribishwa, imeandikwa mlangoni. Mtu anayetaka kuficha jambo haji kukugongea mlango Jumamosi asubuhi akikuomba uje uone.

Hapa inabidi nitenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna chumba cha Mungu, na kuna ukumbi wa watu. Chumba cha Mungu kisicho na dirisha ni jambo la kale mno. Al-Kaaba haina dirisha, ina mlango mmoja ulioinuliwa juu kama mita mbili kutoka ardhini, na sisi waumini tunaizunguka kwa nje. Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani palikuwa chumba cha dhiraa 20 kila upande, na Biblia inasema Mungu alichagua kukaa katika giza nene. Kuhani mkuu peke yake ndiye aliyeingia, tena mara moja kwa mwaka. Mahekalu ya Kihindi nayo yana chumba kidogo cha ndani kabisa anamokaa mungu: mlango mmoja, hakuna dirisha, taa ya mafuta. Niliwahi kuitwa kwenye hekalu moja hapa kusini mwa mji kwa sababu mapadri wao walikuwa wanazidiwa na joto humo ndani. Haturuhusiwi kuingia, na kutoboa ukuta haikuwa jambo la kujadiliwa, basi tukazungusha hewa ya baridi mlangoni tu, iingie yenyewe. Ilisaidia kiasi.

Katika vyumba hivyo giza lina maana, na kwa kuwa watu hawakusanyiki humo, hewa si tatizo. Tatizo linaanza pale giza la chumba cha Mungu linapohamishiwa kwenye ukumbi wa watu mia tatu wanaopumua.

Ndiyo maana Wayahudi, waliokuwa na lile hekalu, walipobaki na masinagogi walikwenda njia nyingine. Rabi mmoja mzee, mteja wangu wa siku nyingi, alinieleza kwamba Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wao wa kale, inamtaka mtu asiswali ila katika nyumba yenye madirisha. Ushahidi wao ni Nabii Danieli, aliyesali Babeli huku madirisha ya chumba chake yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu. Na kitabu chao cha sheria kinasema ni vizuri sinagogi liwe na madirisha kumi na mawili. Nikamuuliza sababu. Akasema ukiona mbingu moyo unanyenyekea. Kisha akaniuliza kwa nini chumba cha watoto kina harufu ya ukungu, tukarudi kwenye kazi.

Upande wa pili wa hoja hiyo kuna kijana Eutiko, wa kitabu cha Matendo ya Mitume. Paulo alihubiri Troa hadi usiku wa manane, Eutiko amekaa dirishani ghorofa ya tatu, usingizi ukamchukua akaanguka chini. Wachungaji wa Houston wanaujua mfano huo na huutumia kuchekesha. Mimi kama fundi nasoma sentensi iliyo kabla yake: mle chumbani mlikuwa na taa nyingi. Taa za mafuta, watu wamejaa, usiku. Wallahi kijana yule alikaa dirishani kutafuta hewa.

Sisi Waislamu tunalo letu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali akiwa amejifunika nguo yenye nakshi, zikamvutia macho, alipomaliza akaagiza apelekewe Abu Jahm nguo hiyo na aletewe isiyo na nakshi. Kwa hiyo wasiwasi wa kupotezwa macho ndani ya swala si wa kizungu wala wa kisasa. Misikiti mingi huacha ukuta wa kibla utulivu. Lakini kutuliza ukuta mmoja ni jambo moja, kuziba minne ni jambo jingine. Misikiti niliyokulia ilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na milango mingi ya ubavuni, kaskazi ikivuma inaingia huku na kutokea kule, na pangaboi zilikuwa za kusaidia tu.

Sasa niwapeleke kwenye jengo linalonifanya niamini kwamba ukuta usio na dirisha unaweza kuwa jambo la hekima. Liko Oak Park, nje kidogo ya Chicago, na linaitwa Unity Temple. Kanisa la zamani la Waunitaria wa pale, dhehebu linalokataa Utatu, lilipigwa na radi na kuungua mwaka 1905. Wakampa kazi jirani yao, mbunifu wa majengo Frank Lloyd Wright, wakati huo bado hajawa jina la dunia. Kiwanja chenyewe kilikuwa kwenye Lake Street, barabara ya tramu, makelele kutwa. Fedha zilikuwa chache. Wright akamwaga zege, kuta nzito upande wa barabara, bila dirisha la usawa wa macho na bila mlango wa mbele. Ukisimama Lake Street utadhani ni benki. Unazunguka ubavuni, unapita ukumbi wa chini wenye dari fupi hadi unatamani kuinama, kisha unapanda ngazi chache na unatokea kwenye mwanga.

Mwanga unatoka juu. Chini ya dari, pande zote nne, kuna mstari wa vioo vya rangi, na dari yenyewe imegawanywa miraba yenye vioo vya rangi ya asali. Barabara huioni wala huisikii, lakini wingu likipita unajua. Watu wamekaa pande tatu, ghorofa juu ya ghorofa, wanamtazama msemaji na wanatazamana. Na kuna jambo moja la werevu ambalo sijaliona kwingine: milango ya kutokea iko kando ya mimbari, kwa hiyo ibada ikiisha waumini wanatoka wakimwendea mhubiri badala ya kumgeuzia mgongo.

Mimi bila shaka nilienda kutafuta mifereji ya hewa. Na hapo ndipo mkubwa yule alipokwama. Wright alizifanya nguzo nne za ukumbi ziwe na uwazi ndani, hewa ya moto ipande humo ienee jengo zima. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Katika baridi ya Chicago halikutosha, na ikabidi waongeze mabomba ya joto baadaye. Kiangazi nacho kilikuwa adhabu yake. Ukarabati mkubwa uliomalizika mwaka 2017 ndio uliowaletea ubaridi na joto la kuaminika, kwa visima virefu vilivyochimbwa ardhini, na sehemu ya njia za zamani za Wright zikapata kazi tena. Jengo lilifunguliwa rasmi 1909. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi waumini wake walisubiri hewa. Mwaka 2019 UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na majengo mengine saba ya Wright, na wanastahili, ila ningeulizwa mimi ningesema urithi ule ni wa waumini waliovumilia.

Houston tunalo la kwetu, na kila mgeni ninampeleka, akitaka asitake. Kanisa la Rothko, ambalo si kanisa la dhehebu lolote. John na Dominique de Menil, matajiri wa mafuta wenye jicho la sanaa, walimwomba mchoraji Mark Rothko awafanyie chumba kizima. Akafanya picha 14, kubwa kuliko mlango, nyingi za rangi ya zambarau iliyokolea ambayo kwa dakika za mwanzo utaapa ni nyeusi. Chumba kina pembe nane. Dirisha hakuna. Mwanga unaingia kwa tundu moja la paani. Mlangoni wameweka vitabu vitakatifu vya dini mbalimbali, Kurani ikiwemo, na unakaa kwenye benchi bila mtu kukuuliza kitu. Shemeji alikaa kidogo akaninong'oneza: "Hii michoro haijaisha?" Baadaye kidogo akaacha kuniuliza chochote. Alikuwa ameanza kuona rangi.

Ugomvi wote wa jengo lile ulikuwa juu ya mwanga. Mbunifu wa kwanza, Philip Johnson, alitaka paa la kupanda juu kama piramidi. Rothko akakataa, akataka mwanga kama wa karakana yake ya New York, ambako alitundika parachuti chini ya kioo cha dari ili mwanga uje umepoa. Johnson akajitoa, wabunifu wa hapa Houston wakamalizia kazi. Rothko alifariki Februari 1970 bila kuliona jengo, likafunguliwa mwaka mmoja baadaye. Na tatizo likajitokeza mara moja: jua la Texas si jua la New York. Lilishuka pale tunduni kwa ukali hadi picha zikawa hazionekani vizuri na kukawa na hofu ya kuharibika. Wakaweka kizuizi cha kugawa mwanga, wakakibadilisha, na mwishowe katika ukarabati uliokamilika 2020 wakatengeneza tundu jipya kabisa. Miaka hamsini kutafuta namna ya kupitisha mwanga wa juu kwenye chumba kimoja. Halafu Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita, maji yakapenya paani yakagusa baadhi ya picha, wakafunga hadi Desemba. Ukikosa dirisha, kila kitu chako kiko paani, na paa lina siku zake.

Hawa wote wawili, Wright na watu wa Rothko, waliondoa dirisha wakabaki na mbingu. Ninaowalalamikia mimi ni wale walioondoa vyote viwili.

Mnawajua. Ukuta mweusi, dari nyeusi, jukwaa, moshi wa mashine, skrini tatu, taa za buluu. Makanisa ya aina hiyo hayakuzuia dirisha kwa mawe wala kwa jua pekee. Yalilizuia kwa sababu ya projekta na kamera. Mwanga wa saa nne asubuhi ukiingia, maneno ya wimbo hayaonekani kwenye skrini, na uso wa mchungaji kwenye video unakuwa na rangi mbili. Ukiongeza kwamba jengo lenyewe mara nyingi ni fremu ya chuma yenye mabati, iliyoletwa kwa lori ikiwa imekatwa tayari kiwandani, na kwamba karibu na pwani ya Texas kila dirisha linatakiwa kuwa la kuhimili vitu vinavyorushwa na kimbunga au liwe na kifuniko chake, mhazini hana sababu ya kulitaka.

Mengine hayakujengwa kabisa, yalihamiwa. Lakewood, kanisa maarufu kuliko yote hapa kwetu, tangu 2005 liko ndani ya uwanja wa zamani wa mpira wa kikapu, lina viti zaidi ya elfu 16. Ni uwanja uleule ambamo Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliwapa Houston Rockets ubingwa wa 1994 na 1995. Na huyohuyo Olajuwon, mwaka 1994, alinunua jengo la benki la 1928 katikati ya mji, nalo sasa ni msikiti na kituo cha Kiislamu. Hebu fikiria mji ambao alipochezea mpira ni kanisa na ilipokuwa benki ni msikiti, na mtu hashangai. Uwanja hauna dirisha kwa sababu mpira unachezwa usiku na televisheni haitaki jua. Wakristo walioingia waliukuta hivyo. Kampala ni vivyo hivyo: kanisa la Watoto, lililoanzishwa mwaka 1984, lilisali kwa miaka mingi ndani ya iliyokuwa Sinema ya Norman. London, jumba la Rainbow la Finsbury Park, palipopigwa muziki wa roki, ni kanisa tangu miaka ya 1990. Sinema haina dirisha. Kwa hiyo kuna vizazi vya waumini waliookoka gizani kwa sababu tu filamu ilihitaji giza.

Kwa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine inayokuja kwa kasi, nayo ni jirani aliyechoka. Rwanda, mapema 2018, ilifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, pamoja na msikiti mmoja, kwa kutofikia viwango vya majengo, usafi na makelele. Ukimwambia mchungaji azuie sauti isitoke, jambo la kwanza atakalofanya ni kuziba madirisha kwa tofali, maana ndilo lililo rahisi. La pili, ambalo ni kuleta hewa kwa mashine, linasubiri sadaka ya mwaka kesho. Na huko katikati watu wanakaa humo kwa muda wa saa nne.

Niwape hesabu, kwa sababu huku ndiko ninakoishi. Mtu aliyekaa kimya anatoa joto la kama wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Watu 300 ni wati 30,000, na hawajaanza kuruka kwa sifa. Kuondoa joto hilo la miili peke yake unahitaji mashine ya tani nane au tisa (tani kwetu mafundi ni kipimo cha nguvu ya kupoza, si uzito), kabla hujahesabu jua juu ya paa na taa za jukwaa. Huo ndio upande ambao kila kamati inauelewa, kwa sababu joto linalalamikiwa. Upande usiolalamikiwa ni hewa safi. Kanuni ya mafundi wa hapa inataka kila muumini aletewe angalau lita 2.5 za hewa ya nje kwa sekunde, na nyingine ya kutosha ukubwa wa sakafu. Hewa hiyo ya nje ya Houston ni moto na imejaa maji, kuipoza ni ghali. Basi mtu fulani, sisemi nani, anapanda juu ya paa na kufunga kile kilango cha hewa ya nje. Bili inashuka. Mashine inaendelea kupoza pumzi zilezile.

Nje hewa ukaa ni kama sehemu 420 katika milioni. Katika ukumbi uliozibwa, ibada ikifika saa ya pili, nimeona kipimo changu kikipita 2,000. Watu wanapiga miayo, macho mazito, mchungaji anakemea pepo la usingizi. Kilango kile kikifunguliwa pepo hutoka bila kukemewa. Na si usingizi tu. Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ilifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa huko Mount Vernon, jimbo la Washington. Walihudhuria watu 61, mmoja wao ana dalili za mafua. Waliougua korona walifika 53, wawili wakafariki. Baada ya hapo simu yangu haikupumzika miezi mingi, kila kamati inauliza jambo moja: madirisha yetu hayafunguki, tufanyeje?

Umeme ukikatika ndiyo mwisho wa mchezo. Beryl iliacha wateja zaidi ya milioni mbili wa Houston na vitongoji vyake bila umeme, wengine kwa siku nyingi, Julai. Nyumba ya ibada iliyokuwa iwe kimbilio ikawa tanuri lenye giza. Wenye madirisha yanayofunguka walifungua, wakapanga viti, wakagawa maji.

Nisije nikaonekana nawasema wenzangu tu. Misikiti ya hapa mingi ni maduka ya zamani yaliyogeuzwa, mbele kioo kitupu, nyuma na ubavuni ukuta mtupu. Wanaume wanapewa upande wa mbele. Chumba cha wanawake mara nyingi ni iliyokuwa stoo: hakina dirisha, spika inakoroma, na njia ya hewa ni ile iliyochongwa kwa ajili ya maboksi. Simu nyingi za malalamiko ninazopokea kutoka misikitini zinatoka chumba hicho, na zinapigwa na wanaume kwa niaba, wakiwa hawajawahi kukaa humo hata dakika kumi. Kama kuna chumba cha ibada kisicho na dirisha ambacho sina utetezi nacho, ni hicho. Hakina jua la kukimbia wala makelele ya tramu. Kilibaki hivyo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sasa kuna kamati moja inayotengeneza duka la samani la zamani liwe msikiti, na wamenishirikisha tangu mwanzo, jambo ambalo fundi hulipata kwa nadra. Kioo cha mbele kinatazama kusini-magharibi, jua la alasiri linaingia lote, na tangu yale mauaji ya waumini misikitini Christchurch, New Zealand, ya Machi 2019 wazee hawataki waumini wasujudu mbele ya kioo kinachoonekana kutoka barabarani. Nimekubaliana nao: kijengwe ukuta hapo. Kibla chetu ni kaskazini mashariki, kwa hiyo ukuta wa mihrabu uachwe mtupu. Ila ukuta wa upande wa kaskazini-magharibi nimewachorea mstari wa madirisha ya juu, usawa ambao mtu aliyesimama hawezi kuchungulia nje wala wa nje hawezi kuchungulia ndani, na mstari huo uendelee hadi chumba cha wanawake bila kukatika. Yawe yanafunguka kwa mti mrefu wa ndoano.

Mzee mmoja wa kamati, Msomali mwenye duka la mazulia, ameniambia nilete bei mbili: moja ya madirisha yanayofunguka na moja ya yasiyofunguka, kwani yasiyofunguka ni rahisi. Nitaleta moja.